Siki Ukosini

Kijana wa makavazi, weka kinasa sauti chako hapa,
kando ya kahawa, usikilaze juu ya kitambaa, kimepigwa wanga.
Unataka historia ya uhalifu wa Marseille.
Umekwisha pita kwa majaji, kwa wajane wa majambazi,
sasa umepanda ngazi tisini na mbili kuja kwa dobi.
Umechelewa, ila hujakosea mlango.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri za mji huu zilipita kwenye beseni la mama yangu.

Yeye alifua shuka za madanguro nyuma ya bandari:
rangi ya midomo, mvinyo, vitundu vya afyuni
walivyounguza mabaharia waliotoka Saigon.
Nilijua kusoma madoa kabla ya herufi.
Wajerumani walipoulipua mtaa wetu kwa baruti
vumbi lilishuka juu ya nguo za watu kambani.
Mama akazianua. Akazifua upya.

Wasema damu ni nzito kuliko maji.
Mimi nimeifua damu miaka hamsini:
hutoka kwa maji baridi, ukiiwahi.
Usiiguse kwa ya moto. Ya moto huipika humo humo.

Mwaka wa hamsini na nane akaja Bwana Orsatelli,
mpole, vidole vimebabuka, mashati kumi na mawili kila Jumamosi.
Alisema anatengeneza marashi.
Nikafungua furushi: siki.
Si siki ya kachumbari, mwanangu,
siki ya kupanda puani ikajenga kooni.
Kanari wangu alinyamaza wiki nzima.
Orsatelli alilipa maradufu, na juu yake
kifuko cha mrujuani cha kunifunga pua.

Mwezi wa tatu nikaikuta siki ileile
ukosini mwa Inspekta Vidalenc.
Nikayaloweka pamoja, la huyu na la yule.
Maji hayakugombana.

Unga haukuwa wetu, ndivyo tulivyoambiana dukani kwa mkate.
Ulikuwa wa kupanda meli, wa kwenda Amerika,
kwa watoto wa watu tusiowajua majina.
Nilinunua friji. Niling'oa jino bovu,
nikatia la dhahabu. Hili. Tazama.

Halafu Régis, mtoto wa dada yangu,
akaleta mashati ya mikono mirefu, mwezi wa Agosti.
Ndani ya kiwiko cha kushoto, vitone vitatu,
vidogo kama koma, vya kahawia.
Nilisugua kwa sabuni ya zeituni, fahari ya mji wetu.
Nikatia chumvi. Nikatia mate yangu mwenyewe.
Havikutoka.
Vilikuwa na siku nyingi, na mimi ndiye niliyejua
siku zina maana gani kwa damu.

Tulimvalisha shati hilohilo. Dada hakuwa na jingine la kumzikia.
Niliteremsha mkono wake, nikafunga kifungo.

Orsatelli alifia gerezani, au Korsika, wanabishana.
Vidalenc alistaafu na nishani; utepe wake
niliupiga pasi mimi.

Siku hizi kuna mashine za kutumbukiza sarafu.
Wavulana wa maghorofa ya kaskazini huleta suti za michezo,
vitambaa visivyoshika harufu yoyote.
Mmoja ana miaka kumi na minne, hukaa juu ya kiti cha plastiki
mlangoni, akipiga mluzi gari la polisi likikunja kona.
Huniita bibi. Hunibebea kapu.
Sijamwuliza kitu.

Naona swali lako, lina kutu mdomoni: kwa nini sikusema.
Nimwambie nani?
Shati la Inspekta lilikuwa bado halijakauka.

Zima hicho.
Una tone la kahawa kwenye mkono wa shati.
Vua, nipe. Bomba liko pale, la kushoto,
lile la baridi. Haraka.